Benoni, Aliyestahili Kuitwa Benyamini

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yake, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho. Saa sita mchana mama yake alifariki kwa kutokwa na damu. Gari la kumpeleka hospitali lilifika saa saba.

Siku ya nne baba alikwenda kuandikisha mtoto, akafuatana na binti yake wa miaka kumi na mmoja ili ampakate mdogo wake. Karani alipouliza jina, mzee alibaki akimtazama mtoto. Binti akajibu, "Anaitwa Benoni." Alikuwa amelisikia kwenye mafundisho ya watoto kanisani, katika kisa cha Raheli aliyejifungulia njiani, na roho ilipokuwa ikimtoka akamwita mwanawe Benoni, yaani mwana wa uchungu wangu. Aliona linafaa. Angesoma mstari uleule hadi mwisho, angekuta kwamba baba wa mtoto yule alilikataa jina hilo, akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume, mkono wa heshima na nguvu. Hakuusoma. Baba naye hakubadilisha kitu, na karani akagonga muhuri.

Binti huyo ndiye dada anayewasomea wasifu huu.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1965. Alikuwa mpole, hodari wa hesabu, na hakuna redio mbovu iliyosalimika mikononi mwake. Akiwa darasa la tano, mwalimu wa dini alieleza maana ya majina ya Biblia mbele ya wanafunzi wote. Marehemu alirudi nyumbani akamkuta dada yake akichambua mchele.

"Dada, hili jina nani alinipa?"

"Mama," dada alisema. "Alikuona, akakuita, akaenda zake."

Alidhani anampa urithi, kumbe anamtwisha mzigo. Mtoto aliketi kando yake. Akamsaidia kuchambua mchele mpaka ukaisha. Tangu siku hiyo, kwenye kila karatasi aliandika B. tu.

Mwaka 1979 aliajiriwa kuendesha gari la wagonjwa, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mitatu. Wajawazito walimjua kwa jina la Wahi. Nyuma ya kiti chake liliwekwa blanketi alilolifua mwenyewe kila Jumamosi, wala hakumruhusu mtu mwingine aliguse. Mkunga mmoja alizoea kumtania, "Wewe Wahi, ungekuwa unawahi chakula hivyo, shati lisingekuning'inia." Watoto kadhaa walizaliwa ndani ya gari lile, na wazazi wao walitaka kuwapa jina la dereva. Alikataa kila mara. "Mpeni jina jema," alisema. "Langu liacheni libaki na mimi."

Mkunga huyo mtani alifunga naye ndoa tarehe 7 Aprili 1984. Mchungaji alipotaja jina la bwana harusi kwa ukamilifu, bwana harusi aliinamisha kichwa. Mungu aliwajalia watoto watatu. Hakuna hata mmoja ambaye marehemu alimpakata alipozaliwa kabla ya kumwona mama wa mtoto akinywa chai, yu salama.

Mwaka 2019 alianza kuugua figo. Tarehe 8 Agosti 2021 dada yake alikaa naye wodini, akiwa amekuja na ukweli mdomoni. Marehemu akamtangulia. "Dada, nikimkuta mama nitamwomba msamaha."

Dada alishindwa. "Pumzika kwanza," alimwambia. "Tutaongea kesho."

Kesho yake saa tatu asubuhi, kabla dada hajafika, alifariki. Majuto ni mjukuu, na dada, kwa miaka yake sabini na minne, sasa amempakata wake.

Ukweli ni huu. Mama hakumpa jina. Alipoonyeshwa mwanawe alimshika unyayo, akatabasamu, akasema, "Mfunikeni vizuri, kuna baridi." Dada alikuwa mlangoni, akasikia. Hayo ndiyo maneno ambayo marehemu alipaswa kupewa siku ile ya mchele, akanyimwa kwa miaka hamsini na miwili.

Juzi dada alimweleza mjane. "Wifi, ungemwambia tu," mjane alisema. "Haya. Andika linalomstahili." Ndiyo maana msalaba mtakaouona kaburini umeandikwa Benyamini. Baba hayupo tena kulibadilisha jina, basi amelibadilisha yule aliyelikosea.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Apumzike Benyamini, na mnaoshika majembe, mfunikeni vizuri.