Mama Dakika Kumi Aweka Mita Chini

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya mota za treni za umeme, fundi wetu mkuu wa vipimo anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake limo kwenye faili za utumishi, lakini humu ndani tunamwita Mama Dakika Kumi, naye huitika.

Jina hilo lilizaliwa na kosa. Mwaka wake wa pili kazini alipima mota mbili zilizotoka kuoshwa, akapata kipimo kibaya, akaandika kwamba insulesheni, yaani utando unaozuia umeme usivuje kwenye nyaya, imezeeka. Nyaya zikang'olewa zote. Kumbe zilikuwa nzima, zimelowa tu! Hakulificha. Kila fundi mgeni alisimuliwa kisa hicho siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo.

Tangu hapo hakuamini tena kipimo cha dakika moja. Insulesheni ikiwa nzima, alitufundisha, mshale wa mita hupanda taratibu kwa dakika kumi. Ukigoma, ipeleke mota kwenye tanuri la kukaushia, kisha upime tena. Ukigoma tena, huo ni uzee: joto limeukausha utando, mtikisiko umeupasua, vumbi limejaa kwenye nyufa. Shemeji yetu, mumewe, hulalamika kwamba hata chai kwao haimiminwi kabla ya dakika kumi.

Miaka kumi na minne iliyopita, mota namba 41 ilipita vizuri kipimo cha dakika moja. Treni ya asubuhi ilikuwa inaisubiri, na kiongozi wa zamu akamtaka atie sahihi. Akakataa katakata. Mshale haukupanda, hata baada ya mota kukaushwa. Kiongozi akafoka kwamba abiria wanangoja. Akajibiwa kwa upole kwamba heri wangoje stesheni kuliko ndani ya handaki lililojaa moshi. Mota ilipofunguliwa, insulesheni ilibanduka kwa ukucha kama ganda la kitunguu. Kiongozi yule ni mimi ninayeandika wasifu huu, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Namba 41 ikasukwa nyaya upya chini ya macho yake. Jumatatu iliyopita ilirudi kwa matengenezo, ikawa ya mwisho kwenye orodha yake. Nilisimama naye dakika zote kumi, sikutazama saa ya ukutani hata mara moja. Mshale ukapanda, ukapanda. Akatia sahihi, kisha akanikabidhi saa yake ya kuhesabia dakika, yenye kioo kilichopasuka.

Ahsante sana, dada yetu. Nenda kapumzike, ulale mpaka jua liingie chumbani, na shemeji akumiminie chai saa yoyote upendayo. Treni ya asubuhi, ikibidi, sasa tutaichelewesha sisi.