Hajati Zuleika na King'ora cha Kalooli

Ijumaa hii, tarehe 27 Machi 2026, Hajati Zuleika Abdunoor anakabidhi funguo za karakana yetu hapa Nakasero na kustaafu rasmi, baada ya kulitumikia shirika kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Okwir, fundi mwenzake, niandike wasifu mfupi na wa kuchangamsha. Ufupi nitajaribu. Kuhusu kuchangamka, mnivumilie: mvua zimeanza, na anayeondoka ni yeye.

Hajati ni binti wa Bombo, wa jamii ya Wanubi. Kiswahili amekikuta nyumbani, ndiyo maana hadi leo hakuna ripoti yetu iliyopita mezani kwake bila kusahihishwa. Aliajiriwa mwaka 1995 kutengeneza redio za madereva. Mnara wetu wa kilima cha Naguru aliupanda mara ya kwanza akiwa na mimba ya miezi mitano, jambo ambalo mkuu wa wakati ule alilijua baadaye na nusura azimie. Mtoto mwenyewe sasa ni daktari, na anaogopa ngazi.

Lakini wengi wenu mnamjua kwa vihisi vya mafuriko. Ni vikasha vidogo vinavyofungwa juu ya mitaro, vikitazama maji na kupima yamepanda kiasi gani. Havina waya. Kila kimoja kina betri ndogo inayotakiwa kudumu miaka, kwa hiyo hulala karibu muda wote, huamka, hupima, hutuma neno moja fupi hadi Naguru, kisha hulala tena. Kikilala, huwezi kukiuliza kitu. Hajati aliupenda mno utaratibu huo. Alisema anayepiga domo ndiye anayemaliza betri mapema, na katika vikao vya Jumatatu alilisema akitutazama mmoja mmoja.

Kazi hiyo ilimletea aibu pia, na ni lazima niitaje. Mwaka juzi kihisi cha soko dogo la bondeni, chini ya Wandegeya, kilituambia maji yamepanda ghafla. Tukapiga king'ora. Wachuuzi wakakimbia na watoto wao, wakaacha meza wazi, na wezi wakazisafisha. Maji hayakuja. Hajati alipoteremka kuchunguza, alimkuta kalooli, yule ndege mkubwa mwenye kipara anayeokoteza takataka mjini, amesimama mtaroni chini ya kihisi, ametulia tuli. Kihisi kilikuwa kimepima mgongo wake. Soko zima lilicheka kwa hasira, na tangu siku hiyo mtambo wetu ukaitwa king'ora cha kalooli. Mwenyekiti wa soko, Mzee Huzaifa, alituapia kwamba ukilia bure tena, wataung'oa wautupe.

Ndipo ilipowekwa kanuni kwamba vihisi viwili vikubaliane kabla ya king'ora kulia. Hajati mwenyewe aliiunga mkono.

Sasa nije kwenye ile siku ya Aprili mwaka jana. Mchana huo mvua kubwa ilipiga vilima vya juu, huku bondeni jua likiwaka. Kihisi cha kwanza, cha juu kabisa, kilisema maji yanapanda kwa kasi. Cha pili, kwenye kidaraja cha katikati, kilisema maji yako chini kabisa. Tukangoja kiamke tena. Kikarudia kipimo kilekile. Tukangoja tena, na ninakiri macho yangu yalikuwa kwenye saa, kwa sababu chini ya soko kuna chumba ambamo akina mama huwaacha watoto wadogo wakiwa kazini. Kikarudia kilekile, bila kupungua wala kuzidi. Mkuu wa kitengo, Bwana Nasif, akasema kanuni ni kanuni, na hakukosea. Hajati akasema maji ya mvua hayawezi kutulia namna ile, basi kihisi hicho kinatazama kitu kingine. Huenda kile cha kwanza ndicho kimepima kalooli tena, Nasif akamwambia. Hajati akabonyeza kitufe cha king'ora.

Kisha akanituma kidarajani kwa bodaboda, na yeye akapanda nyingine kwenda sokoni. Alijua kuwa king'ora peke yake hakina heshima tena kule.

Watu walikuwa wamepanda mlimani kwa shingo upande, wamebeba watoto, wakatazama mtaro mkavu na mbingu ya buluu. Walipoanza kugeuka, Hajati alisimama katikati ya njia ya kushukia. Mzee Huzaifa akamwambia mbele ya wote, "Hajati, jua inawaka! Hata tone moja hakuna. Leo kalooli wako iko wapi?" Vijana wawili walimpita pembeni wakateremka. Mama mmoja akawafuata. Hajati hakupaza sauti. Aliwaambia maji yasipokuja wamfuate ofisini Nakasero wamfanye watakavyo, ila watoto wabaki juu. Kijana mmoja alimtukana tusi ambalo jarida hili halitaliandika, kisha naye akateremka.

Mimi nilifika kidarajani na kukuta maji yamefika kwenye mbao. Kihisi hakipo. Jirani wa daraja, Mama Kahambu, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, akaniingiza kwake kwa fahari. Skrubu ya kihisi ilikuwa imelegea kikawa kinaning'inia, naye akakiokoa. "Niliona mvua iko naipiga, nikasikia huruma, nikaingiza mu nyumba," aliniambia. Alikuwa amekitundika kwenye msumari wa boriti ya paa, juu ya kitanda, na kwa uaminifu wote kilikuwa kinapima godoro.

Nilimpigia Hajati. Akaweka simu sauti ya juu, na kabla sijafungua mdomo Mama Kahambu akaninyang'anya simu. "Maji iko nakuja! Iko nabeba daraja! Mukimbie!" Sauti hiyo haikuwa ya ofisi, na watu waliisadiki. Walioteremka wakapanda mbio, yule mwenye tusi wa mwisho, maji yakimfikia magotini. Meza zilikwenda. Chumba cha watoto kilijaa hadi dirishani. Hakufa mtu.

Hajati aliandikiwa onyo kwa kuvunja kanuni, akalisaini, na mwezi uliofuata kanuni ikabadilishwa, fundi wa zamu akaruhusiwa kuamua mwenyewe. Mzee Huzaifa alimletea kuku wawili. Skrubu zote zikabadilishwa, na Mama Kahambu tumemwajiri kuwa mlinzi wa kidaraja, kwa sharti kwamba huruma yake iishie kwenye kupiga simu.

Kuanzia Jumatatu kitufe kile kiko chini ya mkono wangu. Naogopa, sifichi. Wiki iliyopita nilimuuliza Hajati angefanya nini kama maji yasingekuja siku ile. Alikuwa anakunja vitambaa vyake vya kufutia betri, wala hakuinua kichwa. "Wangenitukana, Okwir. Na mvua ikija tena ningebonyeza tena. Anayekutukana si yuko hai?"

Hajati Zuleika, kwa niaba ya karakana, ya Bwana Nasif, na ya watoto ambao hawajui hata jina lako, tunakushukuru kwa moyo wote. Mungu akupe afya, akupe raha ya wajukuu na ya kusuka vikapu vyako vya rangi huko Bombo. Uishi salama, mama yetu. Sisi huku tuko tayari kutukanwa.