Mama Chanuo na Kanuni Zake Kumi na Mbili

Wasikilizaji wapendwa, kama uko saluni na draya inanguruma, izime kidogo. Mteja hataharibika kwa dakika kumi. Leo tunamkumbuka mtu wenu. Tunamkumbuka Mama Chanuo, mwenye saluni, aliyefariki Jumatano asubuhi akiwa na umri wa miaka sitini na moja. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Mama Chanuo, miaka sitini na moja, Jumatano asubuhi.

Mimi kichwa changu kiliachana na chanuo zamani, hilo mnalijua. Lakini mke wangu alisukwa pale kwa miaka kumi na minne, na habari za saluni ile nilikuwa nazipata kabla mwenyewe hajavua viatu.

Mama Chanuo alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, katika saluni ya mtu. Alisimama miaka minane. Hakuwa na mkataba. Hakuwa na likizo. Hakuwa hata na glovu. Dawa ya kulainisha nywele ilimbabua vidole, na bosi wake akamwambia kwamba mikono ya msusi lazima iungue kwanza ndipo iive. Akameza. Kisha baba yake akafariki. Aliomba ruhusa, akaenda kuzika, akakaa siku tano. Aliporudi alimkuta msichana mwingine amesimama nyuma ya kiti chake, amevaa aproni yake. Bosi hakugeuka hata kumtazama.

Mdogo wake wa kiume anaikumbuka siku ile. "Dada alirudi nyumbani na chanuo moja mfukoni mwa sketi," anasema. "Hakulia. Akasema, nitafungua yangu. Nikamuuliza, utafungua na nini? Akasema, si nina chanuo? Tukamcheka, na jina likamganda."

Akafungua kweli. Chumba kimoja, kioo kirefu, viti vitatu na wasusi watatu. Sasa hapa, wasikilizaji wapendwa, nisikilizeni vizuri. Mama Chanuo hakuwaita wale watu wafanyakazi. Aliwaita wapangaji. Kila msusi alipanga kiti, basi, biashara imekwisha. "Mimi sina mfanyakazi hata mmoja," alipenda kusema. "Nina wapangaji wa viti." Wenye saluni mnaonisikiliza mnatabasamu, maana lugha hii mnaijua. Mpangaji haombi likizo. Mpangaji akiugua, shauri yake. Na ukutani, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, palikuwa na Kanuni Kumi na Mbili za Saluni, ambazo kila aliyeingia alilazimika kuzisoma, hata fundi wa mabomba.

Msusi wake hodari kuliko wote walimwita Vidole, kwa wepesi wa mikono yake. Vidole akapata mimba. Alisuka amesimama mpaka mwezi wa nane, miguu imevimba, wateja wanapanga foleni. Akaomba akajifungue, arudi baada ya miezi mitatu. Mama Chanuo akambariki. "Nenda salama mwanangu." Miezi mitatu ikaisha. Vidole akaja, mtoto begani, kusema kwamba Jumatatu anaanza kazi.

"Kiti kimeshapata mpangaji," Mama Chanuo akamwambia. "Ungekuwa wewe ungekiacha kikae bure?"

Vidole alimpandisha mtoto begani vizuri, akatoka, akaenda moja kwa moja ofisi ya kazi.

Barua ya wito ilipofika, Mama Chanuo hakutetemeka. Alikuwa mtu wa kujiamini. Hata alipokosea, alikosea kwa kujiamini. Asubuhi ya shauri aliteremsha ile fremu ukutani, akaifuta vumbi, akaikumbatia mpaka ofisini, ili serikali ijionee yenyewe kwamba saluni yake ina utaratibu. Binti yake alimsindikiza, na ndiye aliyetusimulia.

"Afisa kazi alikuwa kijana mpole, miwani imemshuka puani," anasema binti. "Alimwomba mama azisome mwenyewe. Mama akasimama, akasoma kama anasoma risala. Kanuni ya kwanza, kila msusi afike saa mbili kamili asubuhi. Ya pili, sare ni zambarau na isiwe na kunyanzi. Ya tano, hakuna kutoka nje bila ruhusa ya Mama. Alipomaliza zote kumi na mbili, akakaa, akaniminya mkono kwamba tumeshinda."

Kijana akavua miwani. "Mama, nyumba unayoishi ni yako au umepanga?"

"Nimepanga."

"Mwenye nyumba wako hukupangia saa ya kuamka?"

"Athubutu."

"Hukuchagulia rangi ya gauni?"

Mama Chanuo akaishusha fremu mapajani.

"Ukitaka kwenda dukani, unamwomba ruhusa?"

Binti anasema mama yake aliitazama fremu kwa muda mrefu, kama vile mtu mwingine ndiye aliyeiandika. Kijana akamweleza taratibu, bila kumkaripia. Hao si wapangaji. Ukimpangia mtu saa, ukamvisha sare, ukamzuia kutoka, huyo ni mfanyakazi wako, hata umwite jina gani. Na mfanyakazi aliyekwenda kujifungua nafasi yake inalindwa na sheria. Basi ndivyo Mama Chanuo alivyoshindwa shauri. Ushahidi wa kumshinda aliupeleka yeye mwenyewe, ameubeba kwa mikono miwili.

Lakini si kushindwa kulikomuuma. Walipotoka walimkuta Vidole kwenye benchi la korido, ananyonyesha, uso ameuelekeza ukutani. Mama Chanuo akasimama pale. Binti anasema hajawahi kumwona mama yake amesinyaa vile. Akamnong'oneza binti, "Nilifanyiwa, na mimi nimefanya." Kisha akakaa kwenye benchi.

"Jumatatu saa mbili," alimwambia Vidole.

"Sirudi kwa kuhurumiwa, Mama."

"Nani kakuhurumia? Hii ni sheria. Ingekuwa huruma yangu, ningekupa kile kiti cha karibu na choo."

Vidole akacheka bila kutaka. Jumatatu akarudi. Na yule msusi mwingine naye hakufukuzwa. Kiliongezwa kiti cha nne, chumba kikabana hadi mteja akigeuka ghafla anapigwa kiwiko. Mke wangu alirudi nyumbani na alama, lakini msuko ulikuwa safi.

Wiki iliyofuata Mama Chanuo aliwagawia wasusi karatasi. Mmoja akaanza kulia, akidhani ni barua ya kufukuzwa. Ulikuwa mkataba. Saa za kazi, siku ya mapumziko, likizo ya mwaka, likizo ya ugonjwa, likizo ya uzazi. Glovu kwa kila anayegusa dawa, na feni ya kutoa moshi wa kemikali dirishani. Nusu saa ya kula, tena umekaa. Wasusi wakaomba kiongezwe kifungu kimoja, Mama asipige kelele mbele ya wateja. Akakikubali, akatia sahihi. Hicho kimoja, mke wangu ananiambia, kilivunjwa karibu kila siku.

Kisha akaanza kuzunguka saluni za watu. Anaingia, anakaa, haoshwi nywele. "Glovu ziko wapi? Mikataba iko wapi?" Baadhi walimwita mchochezi. Wengine walimjibu kwamba sheria ni za viwanda vikubwa, wao saluni zao ni ndogo. "Wembe nao ni mdogo," aliwaambia. "Hebu ushike vibaya." Wengi walimchoka. Wengi pia waliandika mikataba, na wanaonisikiliza wanajijua.

Mwaka jana ugonjwa ukamkamata. Alipoona hawezi tena kusimama, aliomba fomu ya likizo ya ugonjwa, ile ile wanayojaza wasusi, akaijaza. Penye idadi ya siku aliandika, "Sijui." Akampelekea Vidole, ambaye sasa ndiye msimamizi wa saluni.

Vidole alituambia hivi. "Nilitaka kumcheka. Mwenye saluni anamwomba nani ruhusa? Lakini aliitaka sahihi, nikaona anaitaka kweli. Nikaandika kwamba imekubaliwa, na nafasi yake ipo. Nikampelekea hospitali. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mto. Akaniambia, 'Sasa hii ndiyo ruhusa. Mtu unaondoka moyo umetulia.'"

Mama Chanuo alifariki Jumatano asubuhi, wasikilizaji wapendwa. Miaka sitini na moja. Tunampa pole binti yake, tunampa pole mdogo wake, tunawapa pole wasusi wote wanne, akiwemo Vidole aliyemwamini. Mungu awape nguvu.

Na wewe mwenye saluni, mwenye duka, mwenye jiko, yeyote mwenye mtu anayekufanyia kazi, mtazame mtu huyo sasa hivi. Kesho atakuja kukwambia ana mimba, au anaumwa, au amefiwa. Atasimama mbele yako na swali moja ambalo pengine ataogopa kulitamka: nikiondoka, nitarudi? Jibu usinipe mimi. Mpe yeye, leo, kabla hajauliza.