Mama Tanbihi na Kitabu Kilichosubiri Mkasi

Waombolezaji wenzetu, mliopata viti na mliosimama, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu niliyeachiana naye ziwa, niwasomee maisha yake kama yalivyokuwa, na kwa kuwa marehemu hakupenda jambo lisilo na tarehe, tarehe nitazitaja, na kwa kuwa hakupenda sifa zisizo na ushahidi, sifa nitazipunguza, hasa zile nilizoletewa jana jioni zikiwa zimeshaandikwa kwenye karatasi yenye nembo, ili nizisome kwa niaba ya watu ambao wako hapa na midomo wanayo.

Dada yetu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1968, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha uchapaji, chumba kilichopakana na bohari ya karatasi, ambako baba yetu alikuwa mpanga herufi na mama yetu alikuwa akibandika majalada. Baba alikuwa akirudi na karatasi zilizoharibika mashineni, za kuwashia moto, na dada alizisoma kabla hazijafika jikoni, na kwa kuwa karatasi zilizoharibika hazina mpangilio, alikua akijua hadithi nyingi zisizo na mwisho, jambo ambalo halikumpa raha. Akiwa na miaka saba alikwenda peke yake hadi lango la kiwanda akamwambia msimamizi, "Shikamoo, naomba ukurasa wa arobaini na tisa," na msimamizi alipomjibu kwamba kitabu hicho bado hakijatoka, alimuuliza, "Kama hakijatoka, mbona mimi niko ukurasa wa arobaini na nane?" Baba aliitwa ofisini kwa ajili hiyo na kuonywa, lakini jioni alirudi na ukurasa wa arobaini na tisa ndani ya soksi.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia Januari 1975 hadi 1981, akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni kuanzia 1982 hadi 1987, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1989, na baadaye, akiwa tayari ni mke na mama, akapata shahada ya kwanza mwaka 1998, ya pili mwaka 2002, na ya uzamivu tarehe 20 Novemba 2009, kwa utafiti wa biashara ndogondogo za mipakani, alioufanya akilala kwenye nyumba za wageni ambazo milango yake hufungwa kwa kuegemeza kitanda.

Kazi alianza Januari 1990 kama mwalimu wa jiografia wa sekondari, na mwaka 2003 alihamia chuoni akiwa mhadhiri msaidizi, akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi kuwa profesa mshiriki mwaka 2016, na huko ndiko alikopewa jina la Mama Tanbihi, kwa sababu hakumruhusu mtu kusema neno bila kueleza amelitoa wapi, kiasi kwamba mwanafunzi aliyekosa mtihani kwa kufiwa na bibi aliulizwa bibi wa upande upi, na yule aliyekufa muhula uliopita alikuwa nani. Wanafunzi walimcheka na kumpenda, na wengi wao wako hapa. Wakubwa wake walimcheka pia, na wao wameishia hapo.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994 na dereva wa malori ya masafa, shemeji yetu mpenzi, mtu wa maneno machache na kicheko kirefu, na ndoa hiyo ilikuwa chanzo cha mzaha mwingi katika chumba cha chai cha idara, ambako wasomi walimuuliza kila Jumatatu, "Mama, shemeji leo kalala tairi lipi?", naye aliwajibu kwamba mume wake anavuka nchi tatu kwa wiki ilhali wao kuvuka korido kwenda maktaba kunawashinda. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti, ambaye ni muuguzi, na wa kiume, ambaye ni fundi umeme, na mjukuu mmoja ambaye amelala mgongoni kwa mama yake hapo mbele.

Sasa nifike mwaka 2020. Janga lilipoingia na mipaka ikafungwa, shemeji alikuwa kwenye foleni ya malori mpakani, akashikwa na homa tarehe 21 Julai, akapelekwa hospitali ya pale pale, na pumzi ilipoanza kumwishia, muuguzi aliyekuwa zamu alikwenda stoo kuomba mashine ya oksijeni, maana mashine tano zililetwa na wafadhili na zilikuwemo humo, ndani ya maboksi, zimezungushiwa utepe mwekundu, naye mtunza stoo akamwambia, "Dada, hizi hazijakabidhiwa," kwa kuwa mgeni rasmi wa kuzikabidhi alikuwa hajapata nafasi. Shemeji alifariki Jumapili, tarehe 2 Agosti. Mashine zilikabidhiwa Alhamisi, tarehe 20, kwa picha nzuri na hotuba tatu.

Marehemu hakupiga kelele, alikwenda kazini. Aliwakusanya watafiti kumi na mmoja kutoka nchi nne za ukanda huu, wakakaa miaka mitatu wakizungumza na madereva, mama ntilie, wabadilisha fedha, makarani wa forodha na wauguzi wa vituo vya mpakani, wakaandika kitabu kinachoitwa *Mipaka Iliyofungwa: Janga na Maisha ya Watu wa Ukanda Wetu*, ambamo yeye aliandika sura ya nne, ya zile mashine, bila kumtaja mume wake hata mara moja, kwa sababu alisema tanbihi haitoi machozi. Kila aliyezungumza naye, marehemu alimwahidi jambo moja, kwamba kitabu kitakuwa bure mtandaoni, mtu yeyote mwenye simu atajisoma mwenyewe humo na kusema kama wamemwandika vibaya, na ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa deni lake la mwisho hapa duniani.

Kitabu kilikamilika tarehe 14 Februari 2024, kimepitiwa, kimesahihishwa, kimepangwa kurasa, na kilichobaki ni kubonyeza mahali pamoja tu. Kwa kuwa hakikuwa cha kuuzwa wala kusafirishwa, mtu wa kawaida angedhani kazi imekwisha. Chuo kiliunda kamati ya uzinduzi. Mwenyekiti wake, ambaye marehemu alimwita Mkasi kwa kuwa hakuna utepe uliokatwa chuoni bila yeye kuwapo, na ambaye nami namwita hivyo hivyo kwa kuwa nyumbani kwetu hatumjui kwa jina lingine, alimweleza kwamba kitabu hakitoki kama mwizi anavyotokea dirishani, kitabu kinatolewa, tena na mtu mzito, na kwa hiyo wakakifunga kwa neno la siri ambalo lilikaa kwa katibu wake, ili asije mtu akakisoma kabla ya kuruhusiwa kukisoma bure.

Kulikuwa na kamati ndogo ya mapambo, kamati ndogo ya fulana, na kamati ndogo ya keki, na hii ya mwisho ilikutana mara nyingi kuliko waandishi walivyowahi kukutana, ikabishana kama keki yenye umbo la kitabu iwe imefunguliwa au imefungwa, wakaamua iwe imefungwa, uamuzi pekee wa kamati ile ambao marehemu alisema una ukweli ndani yake. Zilichapwa kadi nzuri zenye ukingo wa dhahabu, na mstari wake wa mwisho ulisema, nausoma kama ulivyo, "Kitabu hiki ni bure kwa watu wote. Kadi hii ni ya mtu mmoja." Uzinduzi ulipangwa tarehe 22 Machi, mgeni rasmi akapata safari, ukapangwa tarehe 7 Juni, mgeni rasmi akapata mgeni, ukasogezwa hadi tarehe 27 Septemba.

Maradhi yalijitokeza katikati ya hayo. Mwezi wa Mei alianza kulalamika tumbo, tarehe 11 Juni madaktari walithibitisha kuwa ni saratani ya kongosho, wakatueleza bila kutuzungusha, na tunawashukuru kwa hilo. Kitandani hakuulizia nyumba wala mafao, aliulizia kitabu. Alimpigia Mkasi simu, nami nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kando ya kitanda nikisikia pande zote mbili, akamwomba kifunguliwe hata bila sherehe, na sherehe wafanye watakapopenda, naye akajibiwa, "Profesa, usijichoshe, wewe pona tu, tutakuzindulia kwa shangwe." Akauliza, "Na nisipopona?" Upande wa pili ukasema, "Basi tutakienzi." Marehemu alikata simu, akamwambia binti yake, "Umesikia, mama? Hilo ni boksi lenye utepe."

Jumanne, tarehe 3 Septemba, mchana, baada ya kubadilishiwa dripu, alimwomba binti yake amletee simu na kumwinulia mto. Nakala kamili ya kitabu alikuwa nayo, na mkataba aliokuwa ameusoma hadi tanbihi unasema kazi ni ya waandishi na kila mmoja wao ana haki ya kuitoa popote bila kumwomba mtu ruhusa, basi aliwasiliana na wenzake wa nchi nne, wote wakajibu kabla ya saa ya kuona wagonjwa kwisha, na mmoja wao akaandika, "Dada, tulidhani wewe ndiye uliyekuwa unataka keki." Alicheka hadi muuguzi akaja kumtazama. Kisha akakiweka kwenye hifadhi ya vitabu huria ambayo kila mtu anaifikia, akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe, kilichokuwa kimevimba, akafunga macho akasema, "Kimetoka." Hakukuwa na makofi wala maikrofoni, mgonjwa wa kitanda cha pili aliuliza ni mtoto wa kike au wa kiume.

Nalisema hili waziwazi kwa kuwa najua kuna waliokuja leo bila kulijua. Kiungo cha kukifungulia kitabu mtandaoni madereva walikipokea usiku ule ule, wakarushiana kutoka lori hadi lori, kikavuka mipaka yote ile bila kugongwa muhuri, na kufikia Alhamisi simu ya dada ilikuwa haipumziki, mama ntilie mmoja akidai kuwa bei ya wali imeandikwa vibaya, na dada akaagiza bei hiyo isahihishwe, ikasahihishwa siku hiyo hiyo. Muuguzi yule wa hospitali ya mpakani alituma ujumbe wa sauti, akasema, "Mama, nimejikuta ukurasa wa mia na kumi na mbili. Hukunibadilishia hata neno." Dada alituambia turudie, tukarudia, akasema inatosha.

Alifariki Jumatano, tarehe 11 Septemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, binti yake akiwa amemshika mkono.

Jana ulikuja nyumbani ujumbe wa kamati, watu wanne ndani ya magari matatu, wakaketi sebuleni, wakatupa pole kwa ufupi, kisha wakaomba dakika kumi katika ratiba ya leo, kabla mwili haujashushwa, ili kitabu kizinduliwe kandokando ya jeneza, kwa kuwa mgeni rasmi, ambaye kwa miezi saba hakupata nafasi, leo ameipata. Walisema kutakuwa na wapiga picha. Baba mdogo, ambaye ni mtu wa amani, alitunong'oneza tukiwa uani, "Wapeni hizo dakika, wanangu, msiba haufukuzi mgeni," lakini binti wa marehemu akainuka, akaingia sebuleni, akawaambia kwa heshima, "Wazee wangu, baba yangu alisubiri utepe. Mama yangu hasubiri." Mkasi akasema atarudi kwa wenzake kushauriana, na leo asubuhi tumeikuta meza imeshaletwa, ina kitambaa cheupe na utepe mwekundu.

Familia inaishukuru kamati kwa meza hiyo. Tumeiweka pale uani penye kivuli, tumepanga juu yake madumu ya maji na vikombe, kwa ajili ya madereva waliosafiri usiku kucha kuja kumzika mke wa mwenzao, na kitambaa kikilowa tutakifua tukirudishe. Utepe tumeukunja vizuri, na mkasi hatukuuona, kama upo mfukoni kwa mtu, abaki nao. Mgeni rasmi anakaribishwa kama mfiwa yeyote, na akitaka kukisoma kitabu, amwombe kiungo dereva aliyesimama karibu naye, hakina neno la siri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, walioacha saa ya kuona wagonjwa ipite siku ile ya Jumanne wakijifanya hawaoni, majirani waliopika, waliolala nasi na waliochota maji, wanafunzi wake, watafiti wenzake kumi na mmoja, ambao watano wamefika na sita wametuma rambirambi, na watu wote waliokubali kuulizwa maswali yake mengi na kusubiri kwa miaka minne ahadi yake. Kwa wafanyakazi wenzake wa chuo tunashukuru kwa mahudhurio.

Dada, ukurasa wa arobaini na tisa umetufikia. Pumzika kwa amani, hakuna tena wa kukusubirisha.