Daktari Ekidor, Msoma Matumbo wa Lodwar

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bwana Ekidor Lobuin, afisa tabibu wa wadi yetu ya upasuaji ambaye sote tunamwita Daktari, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Juni 2013. Sisi tunaobaki hapa Lodwar tunaona kama ndoto, na wengine tumekataa kabisa kuamka.

Alizaliwa Kaikor, akaajiriwa Lodwar, na kila wiki alikwenda kliniki ya Kakuma. Njiani hakuwa mtu wa maneno. Aliegemea dirisha, akatazama mikoma, ile mitende ya jangwani, ikipita katika vumbi, na ukimwita ilibidi ungoje kidogo arudi kutoka alikokuwa. Dereva wetu Sheikhdon alizoea kusema kwamba gari limebeba mwili wa Daktari tu. Mwenyewe ameshatangulia kwa wagonjwa.

Huku kwetu wazee husoma matumbo ya mbuzi aliyechinjwa ili kujua yajayo. Kwa hiyo kila tulipotoka chumba cha upasuaji, jamaa za mgonjwa walimzingira Daktari wakitaka kujua ameona nini humo ndani. Mgonjwa ataishi? Na mvua je? La mvua alilijibu papo hapo, na mara nyingine alipatia. La mgonjwa lilimrudisha wadini kumtazama tena.

Saratani ya utumbo mpana ikishasambaa, wengi hawafiki mbali. Lakini kuna wachache aliowaona wakiendelea kuchunga na kuozesha mabinti miaka mingi baadaye, na hao ndio waliomnyima usingizi. Aliwafuata hata Kainuk kuwapima upya. Madaktari vijana aliwafundisha watazame kama madoa kwenye ini ni machache na yanakatika, kama mgonjwa bado anakula, bado anatembea. Hata hivyo hakumtajia mtu tarehe ya kufa.

Mwaka jana alikuja Achai, mama muuza chai wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Tulimtoa uvimbe wa utumbo, tukakuta ugonjwa umeshagusa ini. Kaka yake, Mawien, alikuwa amempatia nafasi kwenye lori la kurudi Bor, Sudan Kusini, ili kama ni kufa, afie kwao. Achai akamkazia Daktari macho: “Mimi napanga kufa ama napanga kuishi? Sema tu, daktari.”

Hakumficha kwamba wengi hufariki. Akamwambia pia kuwa doa lake ni moja, kwamba Nairobi wanaweza kulikata, na kwamba anafanana na wale wachache, ingawa hiyo si ahadi. Lori likaondoka bila Achai. Niliogopa sana siku hiyo. Nilijiuliza kama tumemnyima kuiona nyumba ya mama yake.

Alipasuliwa Nairobi, akapata dawa, akarudi. Vipimo vya mwezi huu ni safi. Wadi nzima tulishangilia, isipokuwa Daktari, aliyesema mwaka mmoja ni mapema mno. Jibu lenyewe ni 2017, itakapotimia miaka mitano.

Achai alikubali. Akauliza njia ya Kaikor, Daktari anakorudi kupumzika, ikoje, maana jibu hilo atampelekea mwenyewe. Daktari akamwelekeza hatua kwa hatua hadi mlangoni pake, akamwambia mwaka huo atamkuta.

Asante, Daktari, kwa yote uliyotufunza. Tunakutakia maisha mema huko Kaikor, tena marefu, kwa sababu una mgeni.