Kaunta na Meza ya Wakavu

Wasifu huu nimeuandika mimi, dada mdogo wa marehemu, niliyepika katika baa ya familia yetu tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Wazee wa kibarazani nao waliandika wa kwao, kurasa nne, marehemu akiitwa humo mfalme wa ufukwe. Nimeusoma, kisha nikautumia kufungia magamba ya samaki. Wanaoshika kwamba marehemu hasemwi vibaya wanivumilie kidogo. Kaka yangu nilimpenda, na sioni faida ya kumdanganyia watu mbele ya jeneza lake.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1952, wa kwanza kati ya watoto wawili, katika chumba kilicho juu ya baa. Baba alikuwa ameifungua miaka mitatu kabla, hatua arobaini kutoka majini. Wakati huo kibaraza kilikuwa na viti sita tu. Baba akaamua kwamba wanaokunywa wakae kibarazani waitazame bahari, na anayekuja kula tu, bila kileo, akae ndani kwenye meza ya ukutani karibu na mlango wa jikoni, bahari iwe mgongoni. Ilikuwa njia ya kugawana viti sita. Baadaye viti vikafika arobaini, vingi vikishinda vitupu mchana kutwa, na amri ikabaki ileile. Waliokaa ukutani wakaitwa wakavu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, na sekondari hadi 1970. Katika hesabu alipata alama za juu kila muhula, kwa kuwa mwalimu wa hesabu alikuwa na kiti chake kibarazani. Mtihani wa mwisho ulisahihishwa na watu wasiomjua Baba, na matokeo yake familia imekubaliana kutoyasoma hapa.

Mwaka 1971 alianza kazi nyuma ya kaunta, na hapo ndipo alipopata jina la Kaunta, ambalo wengi wenu mnalijua kuliko lile la kwenye cheti. Baba alipofariki mwaka 1979, baa ikawa mikononi mwake. Alikuwa mchapakazi, hilo simnyimi. Glasi alizifuta mwenyewe, na hakuna aliyewahi kupewa bia ya moto. Lakini mtu akiagiza samaki na maji ya limau, Kaunta alimtazama kama aliyemwingilia na matope. Alimuuliza kama yuko kwenye dozi, kisha akamwonyesha ukuta. Wa kibarazani walicheka, kichekesho kilekile, kwa miaka arobaini. Watu hao walikula samaki wangu bila kujua kama ni samaki. Mmoja wao, mkaguzi mstaafu wa forodha, aliyesimama pale mbele leo na miwani myeusi, aliwahi kuisifu supu yangu wakati alichokuwa akinywa ni maji ya kunawia. Wakavu ndio waliokuwa wakichungulia jikoni kuniuliza nimetia nini.

Mwanzoni mwa mwaka 1984 aliingia mpima ardhi, mwanamke, buti zake zimejaa vumbi. Aliagiza samaki, viazi na maji. Kaunta akamuuliza habari za dozi. Yule mama akajibu kwamba dozi yake ni kula chakula kingali cha moto, akabeba sahani mwenyewe hadi ukutani. Alirudi Jumapili iliyofuata, na zilizofuata. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1985. Mtu angedhani mambo yameisha. Wiki moja baadaye wifi alikuja kula katika baa ya mume wake, na mume wake akamwonyesha ukuta. Alisema ni amri ya Baba, na kwamba akianza kumpendelea mkewe watu watasemaje. Watu wenyewe ni haohao. Wifi akakaa. Alikaa hapo miaka thelathini na nne, Jumapili kwa Jumapili, na mimba, na watoto, na mvi, akitazama rangi ya kijani inayobanduka, huku mumewe yuko kibarazani na glasi mkononi. Nilimsihi mara nyingi agome. Alinijibu kwamba anakuja kwa ajili ya chakula, bahari anaiona bure akiwa kazini. Mimi sikumwamini.

Mwezi Julai 2019 daktari alimwambia marehemu kwamba ini limechoka, na kwamba akionja tone moja zaidi asirudi kwake. Aliacha siku hiyohiyo. Jumapili alichukua sahani na maji ya limau, akasimama katikati ya baa yake asijue aelekee wapi. Kichwa chake kilikuwa kigumu, hakuweza kuvunja amri hata kwa ajili ya nafsi yake. Akaenda kukaa kando ya mkewe, akautazama ukuta bila kugusa chakula.

"Miaka yote hii ulikuwa unatazama hiki?" aliuliza.

"Kula, samaki anapoa," wifi alimwambia.

Kuanzia siku hiyo, katika wale rafiki zake wa kufa na kuzikana, hakuna aliyevuka hatua nane kuja kukaa naye. Waliinua glasi kutoka mbali.

Jumapili, tarehe 7 Februari 2021, marehemu alinyoa ndevu, akaibeba ile meza yeye mwenyewe hadi kibarazani, akamweka mkewe mbele ya maji. Mkaguzi wa forodha akamuuliza, "Kaunta, umetufungulia zahanati?" Wakacheka wote. Niliona kila kitu kupitia dirisha la jikoni. Kaka yangu, mwenye baa, mwenye viti vyote arobaini, alicheka nao. Kisha akainuka, akachukua sahani ya mkewe kwanza, akairudisha ndani. Alipoingia jikoni nilimwambia waziwazi kwamba namdharau.

"Nikiwakosa hawa," aliniuliza, "nani atanizika?"

Alilazwa hospitali mwezi Novemba mwaka jana, wiki kumi na moja. Mkewe alimlisha kwa kijiko asubuhi na jioni. Kutoka kibarazani ilikuja kadi moja, imesainiwa na watu kumi na wawili, na jina lake limekosewa. Siku mbili kabla ya kufariki alimwomba wifi msamaha. Nilikuwa mlangoni. Alichojibu wifi ni chao wawili. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa kumi alasiri.

Ameacha mke, watoto wawili, wajukuu watatu na mimi. Wazee wa kibarazani wameomba watajwe miongoni mwa wafiwa. Nadhani nimewataja vya kutosha.

Juzi watano wao walifika nyumbani, wamevaa suti, kuomba marehemu azikwe huko juu, mahali bahari inapoonekana vizuri. Walisema ni aibu mtu kama yeye kusukumiwa huku nyuma, chini ya ukuta wa makaburi. Walisema wao ndio wanaojua alichokipenda. Wifi aliwapa viti. Aliwaacha wamalize.

"Baharini alikaa na ninyi," aliwaambia. "Ukutani alikaa na mimi."

Ndiyo sababu leo tumesimama huku. Wanaokuja kutupa udongo wapitie upande wa kulia, tafadhali. Nafasi iliyo kushoto kwake msiikanyage, ina mwenyewe. Kaunta na apumzike hapo kwa amani.