Jina Linapita Kabla ya Habari

Ba papa na ba maman, nimeandika haya kwenye karatasi kwa sababu nikisema bila kusoma nitalia, ao nitatukana. Hasira bado iko.

Munajua kazi yangu mu ofisi: naandika watu wanaotafuta jamaa waliotawanyika na vita. Kwetu mutu anasema jina kwanza, kisha kijiji, habari mwisho. Ndivyo nilivyoandika mu ordinatere, ile mashine ya ofisi, kila kitu mustari wake. Chef akataka liste ya waliopatikana. Nikatengeneza programu ndogo ya kusoma faili mustari kwa mustari: ikikuta "amepatikana", itoe jina na ile habari. Lakini jina lilikuwa limeshapita! Ikisoma mustari mupya, ule wa nyuma imeuachilia. Mimi na shule yangu fupi nikaiambia itoe jina linalofuata. Majina yakatoka, nikafurahi. Sikulinganisha na karatasi nilizoandikia watu kwanza.

Maman mumoja wa Luberizi akasoma mu ile liste jina la binti yake, limebandikwa habari ya mutu mwengine: amepatikana Kamanyola. Akaenda. Hakukuta mutu. Akarudi, akaniuliza polepole: "Maman, mulinichezea?"

Chef akapiga kelele mbele ya wote: "Hata diplome hauna, unajitia fundi wa mashine!" Ndugu zangu, lile neno lingali linaniunguza. Lakini nisimuonee: alikuwa ameniambia nilinganishe.

Nikataka kuacha kazi. Jirani yangu, mwalimu wa informatique, elimu ya hizo mashine, akanicheka: "Weye dada, mutu akikuletea habari mwisho, jina lake uliliwekaga wapi?"

"Mu kichwa."

"Basi na mashine uipe kichwa!"

Tukaipa. Sasa ikisoma jina inaliweka pembeni, na kijiji vilevile. Habari ikifika, inatoa vile ilivyoweka. Mutu mwengine akianza, inafuta vya kwanza. Kisha nikakaa siku mbili na karatasi, jina kwa jina. Sijui kama ninafaa kazi hii, lakini liste iko sawa.

Asante jirani. Asante chef, kwa lile neno la kulinganisha tu, lile ingine namurudishia. Asante yule maman wa Luberizi, aliyekubali kukaa humu leo. Weye unayebeba habari njema, hakikisha kwanza ni ya nani, ndipo ubishe mulango.

Binti ya huyu maman hatujamupata. Musinipigie makofi.